Randa ya Stanley namba 5 ya mtumba: review ya fundi na jinsi ya kuikagua kabla hujatoa hela

Vijana wengi wanaomaliza useremala VETA wananiuliza waanze na kifaa gani, maana cheti wanacho ila boksi la vifaa halina kitu, na jibu langu ni lilelile kila siku: tafuta randa ya chuma ya Stanley namba 5, ya mtumba, iliyotengenezwa Uingereza. Kabla ya drili, kabla ya grainda, kabla ya ile randa ya umeme wanayoitamani wote. Ninayo moja, ndo ninayofanyia kazi hapa Keko, Dar es Salaam, kwenye milango na makabati, kwa hiyo hii ni review ya kitu ninachokishika kila siku. Nitaeleza kwa kirefu jinsi ya kuikagua kwa sababu randa mbovu ina ubaya mmoja mkubwa, inamfanya kijana aamini hana mkono wa kazi wakati tatizo lipo kwenye chuma.

Tuanze na hiyo namba maana inachanganya watu. Namba ni saizi tu, sio ubora. Muundo wenyewe ni wa Mmarekani anaitwa Leonard Bailey, Stanley, kampuni ya vifaa ya Marekani, wakanunua biashara yake 1869, na randa zikapangwa kuanzia namba 1 ambayo ni kadogo kabisa mpaka namba 8 yenye urefu wa inchi 24. Namba 4 ni kama inchi 9 na kidogo, hiyo ni ya kumalizia. Namba 5 ni inchi 14 na kisu chake kina upana wa inchi 2. Namba 7 ni inchi 22, ya kunyooshea kingo za mbao ndefu. Stanley walianza kutengeneza randa Sheffield, Uingereza, 1937, na hizo za Sheffield ndo ninazokutana nazo zaidi. Ukikuta Record namba 05 jua ni ndugu yake, Record nao ni wa Sheffield, walifuata muundo uleule wakaweka sifuri mbele, na kisu cha inchi 2 cha moja kinaingia kwenye nyingine. Kwa hiyo usikatae Record kwa sababu mtu alikwambia Stanley.

Zinafikaje huku? Nyingine ziliachwa na mafundi wa zamani na za karakana za shule, nyingine zinakuja kwenye makontena ya mtumba zimechanganywa na spana na jeki, na nyingine zinaletwa kwa utaratibu, kwa mfano lile shirika la Uingereza la Tools for Self Reliance linakusanya vifaa vya mkono vilivyotumika, watu wa kujitolea wanavikarabati halafu vinapelekwa kwa mafundi Afrika, Tanzania ikiwemo. Yangu niliipata kwa muuza vyuma vya mtumba upande wa Kariakoo, alianza na 120,000 tukavutana tukamaliza 70,000, ikiwa na kutu juu ila ndani nzima. Bei inategemea sana kama muuzaji anajua ana nini mkononi, wengine wanaiuza kama chuma chakavu na wengine wanaiuza kama dhahabu.

Sasa kwa nini namba 5 na sio namba 4 ambayo ni nyepesi na ndo wengi wanaanza nayo? Sababu ni soli, yaani uso wa chini wa randa unaoteleza juu ya mbao. Mbao yoyote iliyotoka kwenye msumeno au kwenye mashine ina vilima na mabonde hata kama jicho halioni. Soli ndefu inapita juu ya vilima, kisu kinakata vilima peke yake mpaka viishe, ndo kinaanza kugusa bonde. Soli fupi inashuka bondeni pamoja na mbao, inakata kote sawasawa, mwisho wa siku mbao inang'aa vizuri lakini imepinda vilevile, na ukiunga mbao mbili za kichwa cha meza unaona mwanga unapita katikati. Namba 7 inafanya hiyo kazi vizuri zaidi ya namba 5, hilo halina ubishi, lakini namba 7 ni nzito, ni adimu, na huwezi kuitumia kusafisha kidroo. Namba 5 ipo katikati. Ukiwa na visu viwili, kimoja umekinoa kwa mduara kidogo cha kutoa nyama nyingi haraka na kingine karibu kimenyooka cha kumalizia, una randa mbili kwenye mwili mmoja. Mi nafanya hivo, kisu cha pili nilikitoa kwenye namba 4 iliyovunjika mwili, na visu vya namba 4 na namba 5 za kawaida ni upana uleule.

Twende kwenye ukaguzi, na hapa ndo naomba usome taratibu.

Kwanza kabisa usiangalie kutu. Kutu ya juu inatoka, siki ya kawaida usiku mmoja na brashi ya waya, baadae unaosha kwa maji yenye magadi kuua ile asidi, unakausha haraka na kupaka mafuta, imeisha. Kinachoua randa ni ufa. Mwili wake ni chuma cha kalibu, cast iron, kile kikidondoka kwenye sakafu ya zege hakipindi, kinapasuka. Geuza randa, fungua kisu ukitoe kabisa, halafu angalia pembe za mdomo, pale ambapo tundu la kisu linakutana na ubavu. Ufa unapenda kuanzia pale. Unaweza kuwa mwembamba kama unywele na umejaa uchafu mweusi, kwa hiyo futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, subiri kidogo, ukiona mstari unarudi kutoa unyevu basi huo ni ufa. Halafu ushikilie mwili ukiwa mtupu kwa vidole viwili ugonge kwa bisibisi. Chuma kizima kinalia, kilichopasuka kinatoa sauti ya kufa. Angalia pia kama kuna rangi ya shaba ubavuni, hiyo ni alama kwamba ilishapasuka ikachomelewa. Muuzaji anaweza kukwambia haina shida. Iache.

Pili, soli. Nenda na rula ya chuma iliyonyooka, isimamishe kwa ukingo kwenye soli, tazama mwanga. Haihitaji kuwa kama kioo. Sehemu tatu ndo lazima ziwe kwenye usawa mmoja: pua, yaani ncha ya mbele, mstari wa mbele ya mdomo, na kisigino, yaani ncha ya nyuma. Hapo katikati pakiwa na bonde dogo haina madhara. Lakini ikiwa mstari wa mbele ya mdomo umeingia ndani hiyo randa haitakaa itoe maranda membamba, kwa sababu kazi ya sehemu ile ni kukandamiza nyuzi za mbao mbele ya kisu zisinyanyuke, ikishakuwa juu juu haikandamizi chochote. Unaweza kuisawazisha kwa msasa uliobandikwa kwenye kipande cha kioo kinene, unaanza na namba 80 au 120 unaenda mpaka 220, na ukumbuke kufanya hivo kisu kikiwa ndani kimekazwa lakini kimerudishwa nyuma kisiguse, maana ule mkazo wa kisu unaupinda mwili kidogo, ukisawazisha mwili mtupu ukija kukaza kisu soli imehama tena. Bonde kubwa linaloingiza karatasi tatu nne usijisumbue, utamaliza msasa wa duka zima.

Tatu, kisu chenyewe. Watu wanaangalia upande wenye mteremko, ule unaonolewa, wakiona una makali wanaridhika. Geuza. Ukali ni mahali ambapo sura mbili zinakutana, na sura ya mgongo ni nusu ya huo ukali. Mgongo wenye mashimo ya kutu karibu na ncha hautapata makali yaliyonyooka hata unoe mwezi mzima, kila shimo likifika kwenye ncha linakuwa pengo, na kila pengo linaacha mstari kwenye mbao. Mashimo yakiwa mbali na ncha hayana neno. Pia angalia urefu uliobaki, kutoka ncha mpaka pale lile tundu refu la katikati linapoanza, kikiwa kimebaki kidogo sana huyo mzee ameshaliwa na wenzako, omba apunguze bei uweke kisu kingine. Pitisha tupa ndogo kwenye kona ya ncha, chuma kilichokomazwa kinagoma, tupa inateleza au inauma kwa shida. Ikiuma kama inakula msumari, kisu kimeshachomwa kwenye mashine ya kunolea kikapoteza ugumu. Rangi ya bluu kwenye ncha inakuambia hivohivo bila tupa.

Juu ya kisu kuna chuma kingine kimepinda mdomo, wengi wanakiona kama kifuniko tu. Hicho ndo kinavunja maranda yasichane mbao. Kifunge na kisu halafu nyanyua kwenye mwanga: pale ncha yake inapokutana na kisu pasionekane mwanga hata kidogo. Pakiwa na mwanya maranda yanaingia humo, yanajikunja, yanaziba mdomo, na utakuwa unasimama kila baada ya mikono miwili kutoa uchafu na msumari. Hili linarekebishika kwa dakika kumi kwenye jiwe, kwa hiyo sio sababu ya kukataa, ila ni sababu ya kushusha bei.

Mwisho wa ukaguzi ni skrubu, na hapa wengi wanalia baadae. Skrubu za Stanley zina uzi wake wa peke yake, ile ya kufunga mpini kwa mfano ni namba 12 yenye nyuzi 20 kwa inchi, haipo hadiwea yoyote, usitegemee utaenda kununua boliti ya M6 ikaingia. Kama skrubu au ile nati ya shaba ya kukaza mpini haipo, utakuwa unatafuta randa nyingine iliyokufa uinyofoe. Kwa hiyo hakikisha: skrubu mbili za frogi, yaani kile kikalio cha chuma ambacho kisu kinalalia, skrubu ya katikati inayokaza kile kibano cha juu, gurudumu la shaba la nyuma la kushusha na kupandisha kisu, na ule wenzo wa kusogeza kisu kushoto kulia. Gurudumu likizunguka bure nusu raundi kabla ya kushika usiogope, zote za muundo huu ziko hivo hata zikiwa mpya, we maliza marekebisho ukiwa unashusha kisu, usimalizie unapandisha, ndo kisu hakitateleza kazini. Mpini wa mbao uliokatika pembe ya juu ni kitu cha kawaida mno, unachonga mwingine wa mninga jioni moja na unakaa mkononi vizuri kuliko ule wa kwanza.

Nina sababu ya kusisitiza mtumba. Karakana yetu kijana mmoja alikuja na randa mpya kabisa kutoka duka moja la vifaa, sitalitaja, ipo kwenye boksi zuri, mpini wa plastiki, bei ilikuwa chini ya ile niliyotoa mimi. Tuliiweka juu ya kioo ikawa inacheza kama meza yenye mguu mfupi. Soli imejisokota kwa urefu, kona moja ipo hewani. Kisu kilipata makali ya kunyoa nywele za mkono, tukapiga mninga kama mita moja na nusu, makali yamelala, hayajavunjika, yamelala, yaani ukipitisha kucha unasikia mdomo umekunjwa upande mmoja. Hicho ni chuma laini. Na ile sehemu ya frogi inayokalia mwili ilikuwa na rangi nene iliyopakwa juu ya chuma ambacho hakijasawazishwa, kwa hiyo kisu kinatetemeka, unasikia ile sauti ya trrr na mbao inatoka na mawimbi. Kijana alikuwa anasukuma kwa nguvu zake zote anatoa jasho, akaanza kusema useremala wa mkono umepitwa na wakati. Nikampa hii ya kwangu kwenye mbao ileile, hakusema kitu tena, aliendelea tu mpaka mbao ikawa nyembamba kuliko tulivyohitaji. Sisemi kila randa mpya ni mbovu. Kuna watengenezaji kama Lie-Nielsen wa Marekani na Veritas wa Kanada ambao randa zao zinatoka kiwandani ziko sawa kabisa, kisu kinene, soli imenyooka, ila bei yake pamoja na usafiri mpaka Dar ni mtaji wa mtu. Ile mpya ya bei ya chini ndo naiogopa.

Sasa ikishakuwa fiti inafanyaje kazi kwenye mbao zetu?

Paini ya Sao Hill na sipris inapita kama hakuna kitu, hapo hata kisu cha wastani kinakubali, cha kuangalia ni macho ya mbao tu. Mninga ni mbao ninayoipenda kuliko zote kwenye randa, inatoa maranda marefu yenye harufu, ila vumbi lake linawasha pua na nyuzi zake sehemu nyingine zinapishana, unapiga upande huu inang'aa na sentimita tano mbele inachanika. Hapo ndo kile chuma cha juu kinalipa. Kwa kazi za kawaida kiache nyuma ya ncha kama milimita moja au moja na nusu. Ukifika kwenye nyuzi zinazopishana kisogeze mpaka ibaki chini ya nusu milimita, yaani unaona kistari chembamba tu cha kisu kinachong'aa, punguza kina cha kisu kiwe kidogo, na upige. Maranda yanatoka yamenyooka badala ya kujikunja, na kule kuchanika kunapungua sana. Mafundi wengi wazuri nawajua hawajawahi kukigusa kile chuma tangu wanunue randa, wanakimbilia msasa, na msasa kwenye mninga unaua ule mng'ao wa nyuzi.

Mvule ni habari nyingine. Ndani ya mvule mnakuwa na mawe, kweli kabisa mawe, ni chokaa ambayo mti unaiweka kwenye nyufa zake ukiwa hai, na hayaonekani mpaka kisu kimeshagonga. Ukigonga moja unapata pengo kwenye ncha na unarudi kunoa upya. Kwa hiyo mvule wa zamani, hasa mbao za milango iliyobomolewa, nautumia kile kisu cha pili. Mtiki nao, ule wa Longuza na wa Mtibwa, unapiga vizuri, una mafuta kwa hiyo soli inateleza yenyewe, lakini ndani una silika, kitu cha jamii ya mchanga, makali yanaisha haraka kuliko ugumu wa mbao unavyokuonyesha. Ukiona randa imeanza kuteleza juu ya mtiki bila kukata usiongeze nguvu wala usishushe kisu, kanoe.

Nikifika hapo lazima niongee mawe maana randa bila jiwe ni uzito wa kushikia karatasi. Lile jiwe la sura mbili la hadiwea, la kijivu, upande wa mchanga mkubwa na upande wa mchanga mdogo, linatosha kutengeneza mteremko lakini halimalizi. Ule upande wake laini bado ni mkwaruzo. Unahitaji kitu cha juu yake: jiwe la maji la 1000 na la 6000 kama unapata mtu wa kukuletea, au sahani ya almasi, au kama hela hakuna kabisa basi msasa wa maji wa magari, 400, 800, 1500, 2000, juu ya kioo, halafu unamalizia kwenye ngozi ya mkanda iliyobandikwa ubao na kupakwa ile dawa ya kijani ya kung'arishia. Mteremko nautoa digrii 25 halafu ncha yenyewe nainua kidogo mpaka 30, kwa hiyo ninaponoa siku za kawaida nagusa ule mstari mdogo wa mwisho tu, dakika tatu nne nimerudi kazini. Jipimie kwenye kichwa cha paini, pale nyuzi zinapoonekana kama vidoti, kata kwa kisu cha mkono. Kikiacha sura inayong'aa kimekubali. Kikiacha unga mweupe na vidoti vimevunjika rudi kwenye jiwe. Kipimo cha kunyoa nywele za mkono sikiamini sana, hata makali mabovu yananyoa. Na jiwe lenyewe linakuwa na bonde katikati baada ya mda, lisugue juu ya zege laini au msasa mpaka lirudi sawa, vinginevyo kila kisu unachonoa kinachukua umbo la hilo bonde.

Wapo watakaoniambia randa ya mbao inatosha, ile ambayo fundi anachonga mwili mwenyewe kwa mbao ngumu na kuweka kisu na kabari. Ni kweli inafanya kazi, na ina faida zake, ni nyepesi, inateleza vizuri juu ya mbao, na soli ikichakaa unaipiga randa kwa randa nyingine inakuwa mpya. Walimu wangu walitumia hiyo. Shida yake ni marekebisho ya nyundo, unagonga kichwa cha kisu kishuke, unagonga kisigino cha mwili kirudi, na huo mkono unachukua mda mrefu kuupata. Na kwa Dar yetu yenye unyevu mwili unavimba masika na kunywea kiangazi, soli inahama. Kama upo Dodoma kwenye ukavu naelewa ukiipenda. Kwa anayeanza bila mwalimu pembeni nasema chuma.

Hela ikibaki, patasi. Nne zinatosha kabisa, milimita 6, 12, 18 na 25, usinunue seti ya kumi na mbili yenye begi. Kanuni ni ileile ya kisu cha randa, angalia mgongo, ulalie kwenye kioo usicheze. Marples za zamani za Sheffield nazipenda sana, mpini uwe wa mbao au wa plastiki haijalishi, kinachokata ni chuma. Kwa kuchimba matundu ya fremu za milango tafuta patasi nene, juba, maana ukiitia nguvu ya kubinua patasi ya mabega membamba itakatika.

Msumeno sina mengi. Ukiona ncha za meno zina weusi wa bluu, huo umekomazwa kwa umeme, unakata vizuri sana ukiwa mpya na ukiisha umeisha, tupa haiingii. Kwa site sawa. Kwa karakana tafuta Disston au Spear & Jackson wa zamani ambao unanoleka kwa tupa ya pembetatu, ukunje kama upinde uachie, ukirudi umenyooka ni mzima. Na uliza au uangalie meno ni ya kupasulia au ya kukatia, la kupasulia lina umbo la patasi ndogo na la kukatia lina ncha ya kisu kila upande, ukitumia la kukatia kupasua mninga kwa urefu utachoka bure.

Mapungufu ya hii randa nayasema wazi. Ina uzito wa kilo 2 na kidogo, ukishinda nayo siku nzima bega linajua. Kisu chake cha asili ni chembamba, kama milimita 2, na kwenye mbao ngumu sana kinaweza kutetemeka, kaza vizuri skrubu za frogi na kile chuma cha juu kabla hujalaumu kisu. Upepo wa bahari unaila, ukiiacha wiki ya masika bila mafuta utakuta vidoti vya rangi ya chungwa kwenye soli, mafuta ya cherehani kwenye kitambaa ukipitisha kila jioni yanatosha, usitumie mafuta ya kula yanaganda yanakuwa gundi. Na ikidondoka imekufa, iweke kwenye benchi upande wa ukutani, sio ukingoni.

Mahali ambapo inashindwa kabisa ni mpingo. Nimeijaribu kwenye vipande vya mpingo na hata ikiwa na makali ya mwisho na chuma cha juu kimesogezwa karibu kabisa bado inaruka ruka, ile mbao ni nzito mpaka inazama majini na nyuzi zake hazina upande. Hapo natumia kikwangulio, bati jembamba la chuma cha msumeno wa zamani uliopinda usiofaa tena, nakata kipande cha upana wa kiganja, nanyoosha ukingo wake kwa tupa na jiwe, halafu nakandamiza ule ukingo kwa shingo ya bisibisi ngumu mpaka ujikunje kidogo kama ndoano isiyoonekana kwa macho. Unaukunja kwa vidole gumba unausukuma, unatoa maranda membamba kweli, sio unga. Ukitoa unga ndoano imeisha, ukandamize tena. Kwa hiyo yule muuza mtumba akikuuzia randa, muulize pia kama ana msumeno uliopinda, mara nyingi anakuongezea bure.